Kitanda cha Mgongoni na Gunia la Chumvi

Kabla ya kukaa kwenye kiti, nilibeba. Miaka tisa nilibeba chumvi, sabuni, vitenge na samaki mkavu, kutoka Kindu mpaka kwenye mashimo ya kasiterite, yale mawe ya bati, upande wa Pangi, kwa miguu, na mgongo wangu mpaka leo umenyooka kama mlingoti wa bendera. Nina haki ya kusema juu ya mizigo. Walimu wanaopita hapa kwangu na kunisahihisha maneno hawajabeba hata kuku wao wenyewe. Mimi niliishia darasa la tatu, na nyumba yangu ina bati kushinda zao.

Wakati ule gari zilikuwa chache, na mafuta yalikuwa machache kushinda gari. Zilikuwa zama za chama kimoja, kila mtu ni "sitwayen", yaani mwananchi, kila Jumamosi ni Salongo, unafyeka majani ya serikali bure wakati shamba lako linaliwa na magugu. Barabara zilikuwa zimerudi kuwa msitu. Mwenye biashara alitembea.

Na mwenye kutembea alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni gunia tupu, yaani gunia peke yake: unafunga mdomo wake, unatia mikanda iliyokatwa kwenye mpira wa ndani wa tairi, gunia linalala mgongoni mwako nyama kwa nyama. Ya pili ni kitanda. Ndivyo tulivyokiita: fito mbili ndefu, nne za kukingama, zote zimekazwa kwa kekele, ile kamba ya msituni isiyojua kuoza. Gunia linafungwa juu ya kitanda, kitanda kinakaa mgongoni, na kati ya mzigo na ngozi yako upepo unapita.

Gunia tupu ni jepesi, linapita popote unapopita wewe. Kitanda chenyewe kina uzito wake, kinanasa kwenye mizizi inayoning'inia, ukivuka mto juu ya gogo kinakuvuta kando kama mlevi anayetaka mwanguke wote wawili. Tena penye bariere ya wasoda, kizuizi cha askari njiani, kinakusema kabla hujafungua mdomo: huyu ni mtu wa biashara. Kwa hiyo nasema hivi, na atakayekasirika akasirike. Vitenge, samaki, safari ya siku mbili: chukua gunia tupu. Anayefunga vitenge kumi juu ya kitanda ni mjinga anayetembeza kuni. Lakini chumvi ni kitanda. Masika, kiangazi, karibu, mbali, chumvi ni kitanda. Nilikuwa nalijua hilo vizuri sana, na kuna mtu mmoja niliyemwambia hilo kwa mdomo wangu, na ndiye ninayetaka kumsema.

Alikuwa mtoto wa shangazi yangu. Kwetu mtoto wa shangazi ni mpwa wako, hata kama mmezaliwa msimu mmoja. Yeye ananiita mjomba, mimi namwita mpwa, na kati yetu kuna utani tangu tumbo la mama. Anaingia kwangu na kuondoka na kuku, nami sina la kusema. Namtukana mbele ya mke wake, naye anacheka. Hakuna hasira, hakuna kesi, hakuna pole. Kukasirikia utani ni kujiaibisha na ukoo wote. Ndiyo maana kwetu mtu akitaka kumwambia mtani wake jambo la kweli hasemi mwenyewe. Anamtuma mwingine, mtu mzima asiye wa utani ule, aende akaseme: fulani anasema hivi, na safari hii hachezi. Mdomo wako mwenyewe, kwa mtani wako, haubebi ukweli.

Tulikuwa tukibebea duka moja, mimi na yeye. Mwenye duka alikuwa mtu wa upande wa Butembo, Mkristo wa nguvu, hapimi kitu kabla ya kusali. Siku moja akatuita wote wawili mbele ya mizani.

"Kule kwenye mashimo nimejenga kibanda," akasema. "Iko na meza, iko na kiti. Mudogo yangu iko kule sasa, lakini namutaka arudi hapa. Nahitaji muntu mumoja wa kukaa kwenye kiti ile na kuuza. Safari hii kila mutu abebe chumvi. Yule atafikisha chumvi mingi, na ikauke, njo atabaki kule. Mwingine atarudi kubeba."

Msomaji ambaye hajabeba hataelewa kiti kile kilikuwa nini. Mbebaji akifika miaka arobaini magoti yanaanza kulia kama mlango. Akifika hamsini ni wa kulishwa na watoto, kama anao. Kiti kilikuwa uzee wenye chakula. Kiti kilikuwa kimoja, na migongo ilikuwa miwili.

Mwenye duka akatuambia mzigo usipite kilo arobaini pamoja na vyombo vyake, maana mtu akivunjika njiani chumvi inapotea. Nikaweka kitanda changu kwenye mizani. Kilo nne. Mpwa akapiga makofi.

"Kilo ine ya miti! Mujomba, unapelekea wachimbaji kuni? Kule wako na msitu muzima."

"Weka kitanda, mupwa," nikasema. "Chumvi inakunywa mvua. Inakunywa jasho pia. Itakula mugongo yako."

"Patroni, umusikie! Ameona atashindwa, sasa anataka na mimi nibebe miti."

"Nasema kweli."

"Lini ulisema kweli, weye? Siku ile uliniambia mama mukwe amekufa, si nilienda mpaka Kibombo nikilia? Nilipiga magoti mulangoni na kilio yangu yote. Nikamukuta anapeta muchele. Akaniuliza, mukwe wangu, nani amekufa?"

Patroni, ndivyo tulivyomwita mwenye duka, alicheka mpaka akaegemea magunia. Na mimi nilicheka, maana lilikuwa kweli, nilimfanyia hivyo. Patroni alikuwa pale pale, mtu mzima, asiye wa utani wetu. Ilitosha nimwambie yeye: patroni, umwambie mtoto wa shangazi yangu kwamba sichezi. Maneno kumi. Sikuyasema. Niliona mpwa anajaza kilo arobaini nzima za chumvi, mimi thelathini na sita, nikajisemea kimoyomoyo: nimekwisha kumwambia, tuone.

Tulivuka mto asubuhi, tukashika njia ya Kailo kutoka Alunguli. Yeye mbele, mwepesi, anapiga mluzi. Lazima niseme alikuwa anatembea vizuri kunishinda. Kwenye vichaka alipita kama panya, mimi nikabaki nyuma nikinyofoa kitanda changu kwenye mizizi. Alinisubiri kila mara, si kwa huruma, ni ili nimsikie.

"Mujomba, hiyo kitanda, utaizalia watoto?"

Mchana tukafika kwenye bariere. Wasoda wawili na vijana watatu wa chama. Mpwa alitangulia. Alikuwa amevaa shati lililotoboka, na gunia lake bila kitanda lilikuwa gunia la mwanakijiji yeyote. Akainamisha kichwa.

"Mimi mulimaji tu, sitwayen. Napeleka chumvi ya matanga. Tumefiwa."

Wakampisha. Wakampa hata pole. Akatembea hatua tano, akageuka, na uso ule ule wa msiba akawaambia:

"Lakini huyu anakuja nyuma, muangalie fito zake. Zile za kukingama ni mianzi. Iko uwazi ndani. Njo mule wanaficha mawe ya kasiterite."

Ulikuwa utani. Nakubali, ulikuwa utani mzuri, mimi mwenyewe ningejivunia. Ila msoda hana utani. Walinivua kila kitu. Walivunja mbili kati ya fito zangu za mianzi kuangalia ndani, na walipokuta hewa wakakasirika kana kwamba nimewaibia. Mmoja akachukua kekele yangu mwenyewe, akaikunja mara mbili, akanipiga nayo mgongoni na kwenye nyama za miguu mpaka alipochoka. Walichota chumvi kilo mbili. Halafu wakaniambia, nenda sitwayen, uendelee na kazi.

Nilikata fito mbili mpya hapo hapo kando ya njia, nikakaza upya. Kazi yote haikupita muda wa kuchoma mhogo. Naomba msomaji alishike neno hilo: kwa mikono yangu, kutengeneza fito mbili ni muda wa kuchoma mhogo, na kitanda kizima ni muda wa kuupika ukaiva.

Mpwa alikuwa ananingojea baada ya kona, amekaa juu ya gunia lake, machozi ya kicheko yanamtoka.

"Mujomba, wasoda wamekusalimia?"

Nikacheka. Ndiyo desturi. Nilicheka na damu inanishuka kwenye soksi, na tukaendelea.

Jioni ile mvua ilinyesha. Ilitukuta kabla ya Kailo, mvua ile ya kwetu isiyo na matone, kamba tupu. Mimi nilikuwa nimefunika chumvi yangu kwa majani mapana, tabaka tatu, na kitanda kikaiinua mbali na shati langu. Yeye alifunika juu tu. Upande wa chini na wa mgongoni gunia lililala kwenye shati, na shati lilikuwa maji. Tulilala kwenye ghala la mpunga. Asubuhi akainua gunia, akaliweka chini tena, akaliangalia.

"Limenenepa," akasema.

"Limekula vizuri," nikasema. "Wewe njo umelilisha."

Siku ile ya pili alitembea bila mluzi. Karibu na adhuhuri nikaona nyuma ya suruali yake mistari myeupe, inashuka mpaka kwenye visigino. Ilikuwa chumvi. Ilikuwa inayeyuka kidogo kidogo, inapita mgongoni mwake, inakauka miguuni. Gunia la katani lilikuwa linasugua mahali palepale ambapo maji ya chumvi yanapita. Nilijua ni nini kinaendelea chini ya shati lile. Nilikuwa nimekwisha kuona mgongo wa namna hiyo, wa mbebaji mmoja mzee, ulikuwa kama gome la mti.

"Mujomba," akasema, "mugongo inaniunguza."

"Mama mukwe wako wa Kibombo, naye alikuwa anaungua?"

Akacheka. Kidogo.

Watu wa ukoo waliponiuliza baadaye, niliwaambia kwamba nilifikiri anatania. Mtani akikuambia anaungua, utajuaje? Walikubali, maana ni neno la kukubalika. Humu ndani ya maandishi nasema lililo kweli. Nilijua tangu mistari ile myeupe ya kwanza. Miguu yangu ilikuwa imevimba kwa kekele, na kila nilipoona anapepesuka niliona raha, raha ya kweli, kama ya maji baridi.

Siku ya tatu aliacha kuongea. Alitembea ameinama kama anatafuta sindano. Penye kijito kimoja alipiga magoti, si kwa kutaka, na gunia likambana chini. Nikafungua mikanda, nikamtoa. Shati lilikuwa limegandia. Lilikuwa na rangi ya kutu.

"Unikatie kitanda," akasema. "Fito hizi hapa. Kekele ile pale. Mikono yangu inatetemeka, sitaweza kukaza."

"Kitanda ni kuni, mupwa. Ulisema mwenyewe. Huku wako na msitu muzima."

"Mujomba. Nakuomba kweli."

"Lini ulisema kweli, weye?"

Alikuwa anatafuta mtu wa kumtuma kwangu, ndivyo ninavyofikiri leo. Aligeuza hata kichwa. Tulikuwa wawili tu, na kijito. Basi akarudi kwenye desturi, akacheka, meno yote nje, akasema:

"Haya. Umeniweza. Unitwike."

Nikamtwika. Nililishika gunia lile kwa mikono miwili na kulirudisha mahali pake, na sauti aliyoitoa sitaiandika.

Tulifika siku ya nne, saa ya wachimbaji kutoka mashimoni. Mdogo wa patroni akatundika gunia langu: kilo thelathini na nne, kavu, inamwagika kama mchanga. Akatundika la mpwa. Ishirini na tisa, na bado linadondosha. Alipolifungua ndani lilikuwa jiwe moja. Kilo kumi na moja na zaidi zilikuwa zimebaki njiani, na njia ziliyopitia ni mgongo wa mtoto wa shangazi yangu.

"Kiti ni cha nani?" nikauliza.

"Cha kwako," akasema yule kijana.

Nikaketi. Kilikuwa kiti cha mbao, mguu mmoja mfupi. Nilikuwa nimekwisha kuketi wakati wanawake wanaouza chakula wanamwagia mpwa maji ya uvuguvugu ili shati liachie. Halikuachia peke yake. Lilitoka na alichokuwa amekivaa chini yake. Wachimbaji, watu wanaocheka shimo likianguka, wakaondoka mmoja mmoja.

Alikaa kule wiki mbili, amelala kifudifudi nyuma ya kibanda changu. Kidonda kikaoza. Alipoanza kunuka, wachimbaji wanne wakakubali kumrudisha kwa zamu, na chombo cha kumbebea kilikuwa kimoja tu. Wakamkalisha kwenye kitanda changu, wakamfunga kifuani kwa mikanda yangu ya mpira, mgongo wake unaangalia nyuma usiguse kitu. Nilikuwa mezani napima sukari. Alipopitishwa mbele yangu akainua kidole.

"Mujomba! Patroni alisema kilo arobaini. Sasa kitanda yako imebeba sitini. Umepita kipimo!"

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Kiti kile kilinijenga. Baada ya miaka mitatu nilikuwa na kibanda changu mwenyewe, baada ya sita nilikuwa na duka hapa Alunguli, tofali za kuchoma, mlango wa chuma. Sikusaidiwa na mtu. Nilivaa abakosi, koti lile la wakubwa wa chama, ya kushonwa kwa fundi, na wale vijana wa chama waliovunja fito zangu walinipisha njiani. Najivunia, kwa nini nisijivunie? Wengi walibeba, nani mwingine alipanda?

Mpwa hakubeba tena. Hata jembe halikumkubali, akiinama ngozi inapasuka. Alianza kutengeneza vitanda vya mgongoni, hapa hapa Alunguli, mwendo wa kukohoa kutoka dukani kwangu. Mikono ilikuwa imejifunza kukaza. Alitengeneza vizuri kunishinda: alichonga fito zikafuata mgongo wa mtu, akakupima kwa kamba kwanza, mrefu kwake, mfupi kwake. Na mteja akisema anataka gunia tupu kwa sababu ni jepesi, yeye habishani. Anageuka, anainua shati. Basi. Wanaume walinunua huku wameangalia pembeni. Mke wake alikuwa amerudi kwao Kibombo, kwa yule mama mkwe asiyekufa.

Mimi nilipita pale kila siku miaka mingi. Tulitaniana. Aliniita Mbeba Kuni, nikamwita Samaki wa Chumvi. Desturi ilikuwa nzima.

Kisha mwaka mmoja, sijui kwa nini, labda ni uzee, nilitoka kwenye Salongo na panga mkononi, nikaenda moja kwa moja kwake. Kulikuwa na wanunuzi watatu. Sikuwangojea waondoke. Sikumtuma mtu pia. Nani angeweza kunibebea neno lile? Ningemwambia nini, yule mtu mzima? Ningelazimika kumwelezea kijito. Mimi niliyejenga kwa mikono yangu, nikae mbele ya mzee mwingine nimwambie nilichomfanyia mtoto wa shangazi? Sikukubali. Nikasema mwenyewe.

"Mupwa. Pale kwenye kijito nilikuwa najua. Ningeweza kukukatia kitanda. Sikutaka. Nimekosa."

Aliacha kukaza. Kekele ikamtoka mkononi. Niliona uso wake unabaki bila kitu, kwa muda wa kumeza mate hivi, na nikafikiri, sasa. Halafu mashavu yakaanza kupanda.

"He!" akasema. "He! Mumesikia?" Akawageukia wanunuzi. "Huyu ni mujomba yangu. Mwaka ule aliniua mama mukwe. Leo ameleta mupya! Ameleta toba!"

"Sichezi," nikasema.

"Hachezi! Anasema hachezi!" Alikuwa amejishika mbavu. "Mujomba, hapo umenishinda, nakubali. Na uso ule! Hata padri hawezi kufanya uso ule."

Wanunuzi wakacheka. Akanyanyuka taratibu, anavyonyanyuka yeye, akazunguka nyuma yangu, akaweka kiganja chake bapa mgongoni mwangu juu ya abakosi, kama anavyompima mteja. Akakishusha mpaka kiunoni, pole pole, akakirudisha juu.

"Muangalie mugongo ile," akawaambia. "Mugongo muzuri kabisa. Haina hata alama."

Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, nikamwambia Samaki wa Chumvi atanidai nini kwa kunipima bure, nikachukua panga langu nikarudi dukani.

Bado yuko pale. Njia ya kutuma mtu naijua, na wazee wa kutumwa wapo, wawili wanakaa mtaa huu huu. Sijamwita hata mmoja.